Diski ya nje ya laptopu: HDD ya 2TB au SSD ya 1TB? Na feki nitaijuaje?

PichaTanga

Wakuu, habari za saa hizi.

Nahitaji diski ya nje. Laptopu ni ya Windows 11, ndani ina SSD ya 256GB ambayo imeshajaa. Kazi yenyewe ni picha za harusi na mahafali: RAW (faili ghafi za kamera) za MB 25 hadi 30 kila moja, harusi moja picha 1,500 mpaka 2,000, pamoja na vipande vya video. Nahariri kwa programu ya Lightroom Classic. Laptopu ina matundu matatu ya USB: mawili ya kawaida (moja ndani ni bluu, jingine jeusi) na moja la C. Ninayefanya naye kazi anatumia MacBook, kwa hiyo diski lazima isome na kuandika kwake pia.

Madukani HDD (ya sahani zinazozunguka) ya 2TB na SSD (ya chipu tupu) ya 1TB, zote za kampuni zinazojulikana, bei zake zinakaribiana. Kuna mtu pia anatangaza mtandaoni "SSD ya 16TB" kwa bei ya chini kuliko hata hiyo HDD. Nichukue ipi, niifomati vipi, na nitajuaje kuwa nimeuziwa kitu halisi kabla sijaweka humo picha za wateja?

FundiSekta

Mkuu, hiyo ya 16TB iache, wengine watakupa undani wake. Mimi nizungumzie hizo mbili halisi.

Amua matumizi kwanza. Diski ya kuhariria picha zikiwa humohumo inatakiwa iwe na sifa tofauti na diski ya kuhamishia kazi iliyokwisha.

HDD nyingi za inchi 2.5 zina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Faili moja kubwa inaingia kwa MB 100 hadi 140 kwa sekunde diski ikiwa tupu, kisha kasi inashuka kadiri inavyojaa, kwa kuwa data inasogea kuelekea katikati ya sahani ambako mzunguko mmoja unabeba data kidogo zaidi. Hapo bado hakuna shida. Shida iko kwenye faili ndogo ndogo: kwa kila faili kichwa cha kusomea lazima kihame, na kuhama huko kunachukua milisekunde 12 hadi 15. Lightroom ikitafuta vijipicha elfu mbili vya katalogi (orodha yake ya picha), diski iliyoandikwa MB 120 itakutolea MB 1 au 2 kwa sekunde. SSD haina kichwa cha kuhamisha, kwa hiyo hapo inaiacha HDD mbali sana.

Lakini usilipie kasi ambayo hutaiona. Chukua harusi moja ya GB 50. Kwenye USB 2.0 inayotoa MB 35 kwa sekunde ni dakika 24. Kwenye HDD ya MB 110 ni karibu dakika 8. SSD ya MB 1,000 ingeimaliza ndani ya dakika moja, ila tu kama chanzo unachonakili nacho kinaweza kutoa kasi hiyo. Kadi ya kamera inayosoma kwa MB 90 itachukua dakika 9 na ushee, hata uimimine kwenye diski ya namna gani. Anayekwenda polepole zaidi kati ya wawili ndiye anayeamua.

Sasa matundu yako. Jeusi karibu hakika ni USB 2.0. Bluu ni 5Gbps (gigabiti 5 kwa sekunde), na ndiyo hiyohiyo inayoandikwa USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 au USB 3.2 Gen 1 kutegemea mwaka sanduku lilipochapwa. Majina matatu, kitu kimoja. USB 3.2 Gen 2 ni 10Gbps. Ile C usiiamini kwa umbo lake: zipo laptopu ambazo C ni 5Gbps, zipo za 10Gbps, na zipo ambazo inapitisha data za USB 2.0 na chaji basi. Tafuta modeli kamili ya laptopu kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome mstari wa matundu. Na SSD zinazotangaza MB 2,000 kwa sekunde zinategemea USB 3.2 Gen 2x2, ambayo laptopu nyingi hazina na Mac nyingi haziitambui. Zitafanya kazi kwako kwa MB 1,000 au chini, na utakuwa umelipia kilichobaki bure.

Kwa anayehariri kila wiki, ningeanza na SSD ya 1TB. Samsung T7, Kingston XS1000 na Crucial X9 zote zimeandikwa MB 1,050 kwa sekunde. Tofauti inaonekana ukijaza faili nyingi kwa mpigo. X9 inatumia chipu za QLC, zinazobeba biti nne kwa seli. Sehemu yake ya haraka ikishajaa, kasi ya kuandika inaanguka sana mpaka ipumzike na kujipanga upya. T7 ni TLC, biti tatu, inastahimili zaidi. Kwa picha za harusi moja moja hutaliona hilo. Kwa anayemimina GB 400 za video kwa mara moja, ataliona vizuri sana.

NuruBakapu

FundiSekta, kuhusu kasi nakubaliana nawe. Kuhusu mpangilio wa manunuzi, hapana.

Huyu anapiga harusi. Harusi hairudiwi. Kama pesa ya sasa inatosha diski moja tu, cha kwanza anachohitaji ni nakala ya pili, kasi itafuata. Na Lightroom Classic ina njia ya kuepuka udhaifu wa HDD: katalogi (faili ya .lrcat) pamoja na vijipicha vyake vibaki kwenye SSD ya ndani ya laptopu, RAW tu ndizo zihamie kwenye HDD. Wakati wa kuingiza picha, upande wa kulia kwenye "File Handling", weka tiki kwenye "Build Smart Previews". Lightroom itatengeneza nakala nyepesi za kila picha, upande mrefu pikseli 2,560, na utaweza kurekebisha mwanga na rangi hata HDD ikiwa imechomolewa. Unaichomeka tena wakati wa kutoa picha za mwisho kwa ukubwa kamili. Kwa mtindo huo HDD ya 2TB inatosha kabisa kwa kazi, na pesa ya awamu ya pili inanunua HDD nyingine ya 2TB ya kukaa nyumba nyingine.

Kadi ya kamera usiifomati mpaka picha ziwe sehemu mbili, na zote mbili ziwe zimehakikiwa. Kunakili kwa kuburuta kwa kipanya Windows haikuhakikishii kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. Tumia TeraCopy uwashe uhakiki, au FreeFileSync ulinganishe kwa yaliyomo ndani ya faili. Kulinganisha kwa tarehe na ukubwa hakutoshi, faili iliyoharibika katikati ukubwa wake haubadiliki.

KeboNaChipu

Kama mtu anachukua HDD, kuna mambo ambayo sanduku halisemi.

La kwanza ni SMR. HDD za nje za inchi 2.5 za 2TB na kuendelea karibu zote siku hizi zinaandika kwa mtindo huo: mistari ya data imelaliana kama mabati ya paa, hivyo huwezi kubadilisha wa chini bila kuwagusa wa juu yake. Diski ina eneo la muda la kupokelea data haraka, halafu inazipanga mahali pake ikiwa imetulia. Ukimimina GB mia kadhaa mfululizo kwenye diski iliyokwishatumika, eneo hilo linajaa na kasi inaweza kushuka chini ya MB 30 kwa sekunde, au diski ikaganda kwa sekunde kadhaa kisha ikaendelea. Watu wanadhani imekufa wanaichomoa. Usiichomoe. Taa ikiwa inawaka na hakuna sauti ya kugongagonga, iache imalize kazi yake. Kwa kuhifadhi picha SMR haina neno. Kwa kuhariri video moja kwa moja juu yake, inachosha.

La pili ni bodi. HDD nyingi za nje za WD na Toshiba tundu la USB limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, ndani hakuna plagi ya SATA (ile ya kawaida ya diski za ndani). Seagate nyingi zina SATA ya kawaida na kijibodi kidogo cha kugeuza kuwa USB. Maana yake: tundu likivunjika kwenye Seagate ya namna hiyo, fundi anaitoa diski anaichomeka kwingine, data hizo. Likivunjika kwenye ile iliyolehemiwa, lazima apatikane mtu wa kubadilisha tundu kwa mkono mzuri. WD My Passport kuna modeli zinazosimba data kupitia chipu ya bodi hata kama hukuweka nenosiri, na hapo bodi ikiungua sahani peke yake haikusaidii.

La tatu ni umeme. HDD inapoanza kuzungusha sahani inavuta karibu ampea 1 kwa muda mfupi. USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampea 500, USB 3.0 inatoa 900. Ndiyo sababu diski ikichomekwa tundu jeusi, au kwenye habu isiyo na umeme wake, inalia "tik… tik…", inaonekana, inapotea, inaonekana tena. Hapo mara nyingi diski ni nzima, umeme ndio hautoshi. Ila kila kukatika namna hiyo katikati ya kuandika ni hatari kwa faili, usiendelee kujaribujaribu. Waya uwe mfupi, usizidi nusu mita, na uchomeke kwenye laptopu yenyewe.

Usinunue HDD ya inchi 3.5 yenye adapta ya ukutani kwa ajili ya laptopu. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri lakini diski inazimika palepale ikiwa inaandika. Ya inchi 2.5 inakula umeme wa laptopu, kwa hiyo inabaki hai.

Na kama kuna SSD au HDD imetolewa kwenye laptopu ya zamani, kasha la kuiwekea ni la bei nafuu kuliko diski mpya. Angalia unene: HDD za zamani nyingi ni milimita 9.5, makasha mengine yanapokea 7 tu. Kwa SATA tafuta kasha lenye chipu ya ASM1153E au JMS578. Kwa zile SSD nyembamba za M.2, jua kwanza kama ni ya SATA au ya NVMe (njia ya haraka zaidi), maana zinafanana umbo: yenye pengo moja kwenye meno mara nyingi ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Kasha lenye RTL9210B linakubali zote mbili. La JMS583 au ASM2362 ni NVMe peke yake, ukiweka SATA halitaonyesha kitu.

SalmaLinux

Kuhusu hiyo ya 16TB. HDD za inchi 2.5 za nje zimefika 6TB tu. SSD za nje za kiganjani za kampuni zinazojulikana kwa kawaida zinaishia 8TB, na bei ya hizo 8TB ni kubwa sana. Kwa hiyo 16TB ya kushika kiganjani kwa bei hiyo haipo duniani, huna hata haja ya kuifungua.

Ndani yake kwa kawaida kuna memori kadi moja au mbili za 64GB zilizogandishwa kwenye kijibodi, wakati mwingine na kipande cha chuma ili iwe nzito mkononi. Programu ya ndani ya chipu imebadilishwa idanganye ukubwa. Windows inauliza "una ukubwa gani?", chipu inajibu 16TB, Windows inaandika hivyo. Ukiweka GB 40 za kwanza zinakaa vizuri na zinafunguka. Ukivuka ukubwa wa kweli, data mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinatupwa. Orodha ya majina ya faili iko mwanzoni mwa diski, kwa hiyo majina, tarehe na ukubwa vyote vinaonekana sawasawa. Unagundua siku unapofungua picha na kukuta nusu ya kijivu, au haifunguki kabisa. Hakuna programu ya kuzirudisha, kwa kuwa hazikuwahi kuandikwa.

Hata ukinunua ya jina kwenye duka zuri, ipime kabla haijapokea faili hata moja ya mteja. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw. Ifungue, chagua Kiingereza, bonyeza "Select target" uchague diski, acha "all available space", kisha "Write + Verify". Inajaza diski yote kwa faili za GB 1 halafu inazisoma upya. Unachotaka kuona mwishoni ni "Test finished without errors". Kwenye feki itakuambia kiasi gani kimepotea. HDD ya 2TB kwa wastani wa MB 100 ni saa tano na nusu kuandika na nyingine kama hizo kusoma, kwa hiyo ianze jioni, laptopu ikiwa kwenye chaja na umezima kulala kwake. SSD ya 1TB halisi ni saa moja na nusu au pungufu. Ukimaliza futa hizo faili za .h2w.

Kwa Mac na Linux ni programu ya F3 (njia ya hapa chini ni ya Mac, kwenye Linux weka mahali diski yako ilipofunguka):

f3write /Volumes/JINA_LA_DISKI
f3read /Volumes/JINA_LA_DISKI

Kama uko dukani na muuzaji anasubiri, ValiDrive ya Windows inagusa sehemu nyingi zilizotawanyika kwenye diski nzima na kukupa jibu kwa dakika chache. Haichukui nafasi ya kipimo kamili, lakini ya 16TB ya uongo inaiumbua papo hapo.

Halafu HDD iliyotumika inayouzwa kama mpya, yaani diski iliyotolewa kwenye mashine ya kamera za ulinzi au laptopu iliyochakaa ikawekwa kwenye kasha jipya. Hiyo H2testw inaweza kuipitisha. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Namba ghafi huonyeshwa kwa mfumo wa heksadesimali, nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC] ndipo usome. Angalia mistari hii:

09, Power-On Hours. Mpya iwe 0 au saa chache. Ukikuta 20,000, hiyo imefanya kazi mchana na usiku zaidi ya miaka miwili.
05, Reallocated Sectors. Iwe 0.
C5 na C6, sekta zinazosubiri na zisizosomeka. Zote 0. C5 ikiwa na namba yoyote siku ya kwanza, irudishe.
C7, makosa ya mawasiliano. Ikipanda, shaka iende kwanza kwenye waya au kijibodi.

Linganisha pia seriali namba: ya kwenye sanduku, ya mgongoni mwa diski, na iingize kwenye ukurasa wa waranti wa mtengenezaji. Masaa ya kazi kuna watu wanaweza kuyafuta, kwa hiyo 09 yenye sifuri peke yake isikutulize kama sanduku limefunguliwa na lebo imebandikwa upya.

Kwenye Linux, amri ya kusoma hayohayo: sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Mjomba_wa_Faili

Fomati NTFS tu, mkuu, ndiyo imara kati ya mifumo ya kupanga faili. Ile nyingine, exFAT, ukiichomoa vibaya siku moja diski inadai kufomatiwa.

NuruBakapu

Mjomba, shikamoo. Kwa mtu wa Windows peke yake ushauri wako ni sahihi. Huyu ana mwenzake wa Mac, na Mac inasoma NTFS lakini haiandiki bila kununua programu ya ziada. Kwa hali yake ni exFAT kwa diski inayozunguka kati ya wawili, na NTFS kwa ile HDD ya akiba inayochomekwa kwenye Windows tu.

Ila hofu yako kuhusu exFAT ina msingi. NTFS inaweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa folda kabla ya kuyafanya, kwa hiyo umeme ukikatika inajua ilipoishia. exFAT haina hiyo. Ukichomoa wakati orodha ya folda inaandikwa, folda nzima inaweza kupotea. Kwa hiyo kwenye exFAT kuitoa kwa "Eject" si hiari. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, diski za nje huja zimewekwa "Quick removal", na wengi wamelichukulia hilo kama ruhusa ya kuchomoa tu. Linapunguza hatari, haliondoi. Kwa HDD, baada ya kuitoa subiri kama sekunde kumi sahani zisimame ndipo uinyanyue.

Ikitokea exFAT imegoma na Windows inasema "You need to format the disk", usikubali. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk E: (bila kitu kingine) isome tu na kuripoti. Kama picha zilizomo hazina nakala nyingine, usiongeze /f kwanza, kwa sababu hiyo inarekebisha kwa kukata kisichoeleweka. Nakili kwanza unachoweza kwa programu ya kuokoa data kama TestDisk na PhotoRec, ukiandika kwenye diski nyingine.

Unapofomati exFAT, ukubwa wa kitengo uache ule inaopendekeza Windows, yaani 128KB kwa diski ya ukubwa huo. Jua tu kwamba faili ya 4KB nayo inachukua 128KB nzima. Vijifaili 10,000 vya namna hiyo vyenye MB 40 kwa jumla vinakula GB 1.28. RAW zako kubwa hazitaathirika, lakini katalogi ya Lightroom yenye vijipicha maelfu usiiweke humo.

Na 1TB itaonekana 931GB, 2TB itaonekana 1,862GB. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

UpepoWaKusi

Nyongeza kwa tuliopo pwani. Diski ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi ikapelekwa nje kwenye joto na unyevu, maji yanajikusanya juu ya chuma baridi. Iache ndani ya mfuko wake nusu saa ipate joto la mahali kabla ya kuichomeka. HDD ina kitundu kidogo cha kupumulia, usikizibe kwa stika. Ya akiba iweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya silika. Chumvi ya hewani inakula meno ya USB polepole: yakianza kuwa na kutu ya kijani, mawasiliano yanakatikakatika na watu wanalaumu diski.

SSD usiifanye sanduku la kumbukumbu la kufungia kabatini miaka. Data zake ni chaji za umeme ndani ya seli, na joto linaharakisha kuvuja kwake, hasa kwa SSD iliyochoka. Kila miezi michache ichomeke na uisome. Ya kulala kabatini iwe HDD.

Na diski ya kazi isiende stationari. Ukitaka kuprinti, peleka flashi. Kirusi cha shotikati kikiingia, folda zote zinafichwa na mahali pake zinakaa shotikati. Picha hazijafutika, safisha kompyuta kwa antivairasi kwanza, futa shotikati bila kuzibofya, kisha:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

PichaTanga

Asanteni sana wakuu. Nimechukua T7 ya 1TB, na HDD nitaongeza. H2testw imemaliza bila kosa. Seriali namba imekubali kwenye tovuti. Lakini CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi, inanipa kusoma MB 43 na kuandika MB 41 kwa sekunde kwenye tundu la C, na la bluu ni vilevile. Sanduku linasema 1,050. Niirudishe?

FundiSekta

Usirudishe. SSD mbovu haiwezi kukupa 43 safi namna hiyo kwenye matundu mawili tofauti. 43 ni USB 2.0, na cha kushukiwa kwenye vipimo vyote viwili ni nyaya ulizotumia. Nyaya nyingi za C za kuchajia simu zinapitisha chaji kubwa lakini data ni za USB 2.0, ndani hazina nyuzi za ziada. Hata ile H2testw lazima ilikuchukua zaidi ya saa kumi.

Ndani ya sanduku la T7 kuna nyaya mbili fupi, C kwa C na C kwa A. Tumia hizo, na ile ya A iende bluu, ukiisukuma mpaka mwisho kwa haraka ya kawaida, maana ukiingiza USB 3.0 polepole sana kompyuta wakati mwingine inaikamata kama 2.0. Pima upya mstari wa kwanza, SEQ1M. Ukipata 430 hadi 460, tundu ni la 5Gbps. Ukipata karibu 1,000, ni 10Gbps.

PichaTanga

Nyaya zilikuwa za simu kweli. Bluu 452, C 1,021. HDD ikija, nakala ya kila wiki kutoka T7 kwenda HDD naifanyaje bila kurudia kunakili kila kitu?

NuruBakapu

Tuseme T7 ni E: na HDD ni F:, kwenye Command Prompt tumia robocopy, amri ya kunakili ya Windows yenyewe:

robocopy E:\Harusi F:\Harusi /E /XO /R:2 /W:5 /LOG:C:\Users\Public\nakala.txt

/E inachukua folda zote za ndani, /XO inaruka faili ambazo upande wa E: ni za zamani kuliko za F:, na zisizobadilika inaziruka yenyewe. /R:2 na /W:5 ni muhimu: bila hizo, faili moja isiyosomeka itajaribiwa mara milioni moja kwa kusubiri sekunde 30 kila mara. Kwa kuwa T7 ni exFAT na HDD ni NTFS, ongeza /FFT, la sivyo tofauti ndogo za sekunde kwenye tarehe zinaweza kufanya faili zilezile zinakiliwe tena.

Mtandaoni utakuta watu wanapendekeza /MIR. Hiyo inafanya F: ifanane kabisa na E:, yaani harusi uliyoifuta E: ili upate nafasi, itafutwa na kule pia. Kwa kazi yako usiitumie. Mwishoni fungua nakala.txt, shuka chini kabisa, safu ya FAILED iwe 0 kwenye Files. Ikiwa si sifuri, tafuta neno ERROR humohumo, jina la faili litakuwa mbele yake.